ULIZA MWALIMU: Projekta imewashwa, darasa limezimika

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza vifaa. Tableti, projekta, kompyuta, akili mnemba. Nimechagua tano, na kama kawaida ya kona hii nyingine nimejibu kwa kirefu na nyingine nimepita haraka, msinune. Kwa wageni: mimi nimeshika chaki miaka 26, fizikia na hisabati, sasa nimestaafu niko Tanga nafuga kuku na kujibu barua zenu.

*Mwalimu shikamoo. Nafundisha fizikia kidato cha pili, shule ya kata huku Handeni, darasa moja lina wanafunzi 84. Wafadhili walituletea projekta na laptopu moja, mkuu wa shule anataka kila mwalimu aitumie mara mbili kwa wiki na ana daftari anaandika nani katumia nani hajatumia. Wiki ya kwanza walifurahi mpaka wanapiga makofi, sasahivi nikifunga tu madirisha nusu wanalala. Nikiuliza swali wanaojibu ni walewale watano wa mbele. Nakosea wapi?* (Mwalimu wa Fizikia, Handeni)

Marhaba mdogo wangu. Kwanza pole na hilo daftari. Pili hukosei peke yako, hata mimi nilishawahi kukesha natengeneza slaidi 46 za somo la mawimbi, nikajiona nimefika, kesho yake umeme ukakatika kwenye slaidi ya tatu nikabaki nimesimama kama mtu aliyesahau nauli. Ila nikuambie ukweli, umeme kukatika uliniokoa, mana ningeendelea zile slaidi zote 46 wangelala kama wa kwako.

Projekta ukiitumia kuonyesha maandishi ni ubao tu, tena ubao unaohitaji giza. Mtoto anafanya kilekile alichokuwa anafanya jana, anakaa na kunakili, tofauti ni kwamba jana ulikuwa unaandika pole pole akapata muda wa kufikiri na leo slaidi inaruka kabla hajamaliza mstari. Kwahiyo swali la kujiuliza unapoandaa andalio la somo ni hili: dakika ya kumi ya kipindi, wale 79 wasiojibu wanafanya nini?

Kuna profesa wa fizikia pale Harvard, Eric Mazur, alikuwa anafundisha vizuri tu, wanafunzi wanampa alama za juu, mitihani wanafaulu. Siku moja akawapa jaribio la maswali ya kawaida ya nguvu na mwendo, yale ya kufikiri bila hesabu, mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiria mwenyewe? Jamaa akashtuka. Kuanzia 1991 akabadilisha kabisa: anaeleza kidogo, anauliza swali la kuchagua, kila mtu anajibu peke yake, halafu wanageukiana wanabishana, wanajibu tena. Ndo hivo tu, na imesambaa dunia nzima.

Sasa tuilete Handeni. Chukua saketi ya betri moja na balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfuatano. Chora ubaoni. Uliza: balbu ipi inawaka zaidi? Moja, ile iliyo karibu na chanya ya betri. Mbili, ile ya mbali. Tatu, zinawaka sawa. Wape nusu dakika kimya kabisa, asiongee mtu. Halafu wafumbe macho, vidole vifuani, "onyesha!" Mtu anaonyesha kidole kimoja, viwili au vitatu, kifuani pake pale wenzake wasione. Wewe mbele unasoma darasa zima kwa sekunde tano. Nakuhakikishia utaona vidole kimoja kimoja vingi sana, mana watoto wengi, na watu wazima pia, wanaamini umeme unafika kwa balbu ya kwanza, inakula sehemu yake, ya pili inapata makombo. Usiseme jibu! Hapo ndo walimu tunaharibu, mdomo unatuwasha. Waambie kila mmoja amtafute jirani aliyejibu tofauti na yeye amshawishi, dakika mbili. Kelele zitapanda mpaka mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia, mwache achungulie. Alafu vidole tena.

Kipimo chenyewe cha kubishana: kama waliopata ni wachache sana, chini ya theluthi hivi, rudi ufundishe kwanza mana watabishana wote wasiojua. Kama karibu wote wamepata songa mbele usipoteze muda. Katikati hapo ndo penye utamu.

Na kitu kimoja ambacho najua wathibiti ubora hawatanipenda: wakati wa kubishana waache wabishane Kiswahili. Somo liko kwa Kiingereza, mtihani uko kwa Kiingereza, sawa, jibu la mwisho walitoe kwa Kiingereza na wewe uwasaidie maneno. Lakini mtoto wa kidato cha pili aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili juzi tu, ukimwambia abishane karenti kwa Kiingereza atanyamaza, na wewe utadhani hajui fizikia kumbe hajui sentensi.

Sasa projekta. Usiirudishe kabatini, ina kazi yake. Kuna majaribio ya kwenye kompyuta yanaitwa PhET, yalianzishwa 2002 Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure, mengi unayashusha kama faili moja unaweka kwenye flashi, linafunguka kwenye brauza bila bando, na baadhi yametafsiriwa Kiswahili. Kuna moja la kuunga saketi. Baada ya vidole vya mara ya pili washa projekta, unga balbu zako mbili, mkono uko kwenye swichi, uliza tena "mnasemaje?", wakishapiga kelele za kutosha, bonyeza. Zikiwaka sawa utasikia darasa linavyolipuka. Halafu chomoa balbu moja waone nyingine inavyozima, uwaulize kwanini za nyumbani kwao hazifanyi hivyo. Hapo projekta imetumika dakika sita na hakuna aliyelala, na daftari la mkuu wa shule limejaa. Kama una betri za redio na balbu za tochi fanya na kweli mezani, kitu cha kushika kinapita cha kuangalia siku zote, ila kwa watoto 84, wale wa nyuma hawataona kitu kwahiyo vyote viwili.

Ukiwa na simu janja kuna pia programu ya Plickers, kila mtoto anashika kadi yenye alama kama ile ya QR inayosomwa na kamera, anaigeuza kuonyesha A, B, C au D, wewe unapitisha kamera ya simu yako tu inasoma wote na kukuandikia nani kajibu nini. Simu moja, ya mwalimu, watoto makaratasi. Seti kubwa ya kadi ni 63 kwahiyo kwako toa kadi moja kwa kila dawati. Ila anza na vidole, vidole haviishi chaji.

*Mwalimu, habari za huko. Mimi ni mzazi, nakaa Kisauni Mombasa, kijana wangu yuko gredi ya nne. Shule imetuita mkutano ikatwambia muhula ujao kila mtoto aje na tableti, na wameshatuonyesha ya kununua, elfu kumi na tano za Kenya, kwao hapohapo. Nikiuliza zitatumika vipi naambiwa ni mambo ya kisasa. Nna watoto watatu. Niuze cherehani?* (Mama Watatu, Kisauni)

Usiuze cherehani dada yangu. Cherehani inaingiza, tableti inatoa.

Nianze na iliyofanya kazi, maana sipendi kuonekana mzee anayechukia vitu vipya. Mwishoni mwa 2017 hapa kwetu mkoa wa Tanga yalianza majaribio ya shindano kubwa la XPRIZE, la kutengeneza programu za watoto kujifunzia wenyewe, fedha zilitoka kwa Elon Musk na wenzake, tableti zilitoka Google. Vijiji zaidi ya 150, watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, wakapewa tableti zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu, kituo cha kuchajia kina sola. Miezi 15. Mwanzoni zaidi ya watoto tisa kwa kumi hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili, mwisho wake idadi ya wasioweza ilipungua vizuri sana. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 wakagawana timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Sasa angalia ndani. Kilichofanya kazi pale ni nini? Tableti? Hapana, ni ile programu iliyoandaliwa muda mrefu, kwa lugha ya mtoto, inampima inampa saizi yake, akikosea inamrudisha. Na tena walilinganishwa na watoto ambao walikuwa hawana kitu kabisa. Mwanao ana mwalimu, ana vitabu, ana wewe.

Na huko kwenu mna ya kwenu. Ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, ikaja kuanza kweli 2016 kama tableti, zikafika shule za msingi zaidi ya 20,000. Kazi kubwa hiyo, siwezi kuibeza, mana shule nyingi ziliingizwa umeme kwa sababu yake. Lakini we uliza wazazi wenzio watoto wao walizishika mara ngapi. Zipo zilizolala kabatini zimefungwa kufuli kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa zikiibiwa atalipa yeye, na mwalimu wa darasa alipewa semina ya siku chache akaachwa. Simlaumu, hata mimi ningezifungia.

Kwahiyo nenda shule, si kwa kugomba, kwa upole tu, uombe kuona kipindi kimoja cha tableti kwenye ratiba, kipindi kimoja tu. Siku gani saa ngapi somo gani. Programu gani iko ndani, na inafanya kazi bila intaneti au kila siku nitaombwa bando? Mtoto akiivunja analipa nani? Na kwanini lazima ninunue kwenu? Wakikujibu yote bila kubabaika fikiria. Wakikwambia tena mambo ya kisasa basi wanauza tableti, na wauzaji wako wengi mjini, wengine bei chini. Unaweza pia kupendekeza kwenye mkutano shule inunue kumi za kupokezana, watoto wawili wawili kwenye moja, na wakiwa wawili wanaongea, wanaongozana, mara nyingi inakuwa bora kuliko kila mmoja na yake kajifunika.

*Mwalimu mimi nimepangiwa kufundisha TEHAMA, shule haina kompyuta hata moja. Nafundisha maneno tu, "hii ni mausi", na mausi yenyewe hawajaiona. Naona aibu.* (Mwalimu mpya, mkoa wa Lindi)

Aibu ya nini? Mwaka 2018 mwalimu mmoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alichora dirisha zima la Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, kila kitufe, kila menyu, mana wanafunzi wake walitakiwa kufanya mtihani wa taifa wa TEHAMA na shule haikuwa na kompyuta. Picha zikazunguka dunia, Microsoft wakamwalika Singapore na kompyuta zikaanza kuletwa kwa ahadi na misaada. Watu walimcheka na kumsifu kwa pamoja, mimi nilichoona ni mkono wa mtu aliyekaa kuchora kwa utulivu kabla watoto hawajaingia.

Lakini nisikudanganye, kuchora Word ni kuokoa jahazi, sio kufundisha kompyuta. Kuna kitu bora zaidi na hakihitaji umeme. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wakina Tim Bell, walitengeneza michezo ya kufundisha jinsi kompyuta inavyofikiri bila kompyuta yenyewe, wanaiita CS Unplugged, na bure. Nikupe mmoja nilioufanya mwenyewe kwa karatasi za manila.

Kata kadi tano. Kwa maki peni weka nukta: ya kwanza 16, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2, ya tano 1. Ita wanafunzi watano wasimame mbele kwa mpangilio huo, 16 awe kushoto kwa darasa. Sheria moja: aliyesimama anahesabika, aliyechuchumaa hahesabiki. Sasa sema "kumi na tisa!" Wataangaliana. Wenye madawati wataanza kuwapangia kwa kelele, "we wa nane chuchumaa! wa nne nawe!", mpaka wabaki wamesimama wa 16, wa 2 na wa 1. Andika ubaoni chini ya kila mtoto, aliyesimama 1, aliyechuchumaa 0. 10011. Hiyo ndo namba kumi na tisa kama kompyuta inavyoijua, na wameiandika kwa magoti yao. Halafu uwaulize namba kubwa kabisa wanayoweza kutengeneza watano hawa ni ngapi, na tukimwongeza wa sita awe na nukta ngapi? Kuna binti mmoja aliyekuwa hanyanyui mkono mwaka mzima alijibu 32 kabla sijamaliza swali, na hakuwa hata mbele, alikuwa dirishani anachezea pazia.

Kibodi chora kwenye boksi la sabuni, herufi zilezile kwa mpangilio uleule, kila wawili boksi moja, wajizoeze vidole. Ikija kompyuta siku moja wataikuta mikono imeshajua njia. Na mausi tafuta hata mbovu kwa fundi simu wa hapo mjini, watakupa bure, waishike waifungue waone ndani.

*Shikamoo mwalimu. Nina darasa la tatu Pangani, watoto 110, hamna umeme. Zaidi ya nusu hawajui kusoma na mimi natakiwa niendelee na mtaala. Hizo mbinu za kisasa mnazoandika sisi zinatuhusu?* (Mwalimu wa Msingi, Pangani)

Marhaba. Nyie ndo zinawahusu kuliko wote, na mbinu yenyewe haina plagi.

Inatoka India, shirika la Pratham lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, na imepimwa na watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Nobel ya uchumi 2019. Wazo ni dogo mpaka linakera: kwa saa moja kwa siku sahau darasa la mtoto, mpange kwa anachoweza. Msikilize mmoja mmoja, dakika mbili tu, soma silabi, soma neno, soma aya, soma hadithi. Alipokwama ndo kundi lake. Kama mnakumbuka wale wa Uwezo waliokuwa wakipita majumbani kuanzia 2009 kupima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, wao pia walijifunzia kipimo chao kwa hao hao Wahindi.

Watoto 110 utamaliza kuwasikiliza wiki nzima, haina shida. Halafu ongea na wa darasa la nne na la tano mfanye saa hiyo kwa pamoja, mwalimu mmoja silabi, mwingine maneno na aya, mwingine hadithi, watoto wanahama kumfuata wa kwao bila kujali darasa. Hapo mwenye silabi ana wengi, basi apate mwanafunzi mkubwa wa kumsaidia. Silabi ziandike kwenye vizibo vya soda, ba, be, bi, wamwage sakafuni waunge maneno yao wenyewe, watatengeneza na matusi, jifanye hujaona mana wamesoma. Kila baada ya wiki chache sikiliza tena na uwahamishe. Kibaya kimoja cha kuangalia, kundi la chini lisije likapewa jina. Nimesikia shule wanaliita "wazito". Waite samaki, waite miti, chochote.

Kuhusu mtaala, nenda na andalio la somo kwa mwalimu mkuu umwombe hiyo saa moja kabla hujaanza, usifanye kwa kificho.

*Mwalimu, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaandika insha kwa ChatGPT. Nifanyeje? Nipige marufuku simu?* (Mwalimu wa Kiswahili, Kigoma)

Simu ziko marufuku shule nyingi tayari na insha zinaendelea kuja, kwahiyo jibu unalo. Hata kuzitambua huhitaji mashine. Mtoto wa Kasulu ukimpa insha ya safari ya kwenda kwa bibi halafu inaanza "katika ulimwengu wa sasa unaobadilika kwa kasi", bibi gani huyo?

Mimi ningefanya hivi. Insha ya alama iandikwe darasani, kwa kalamu, dakika 40. Ya nyumbani usiipe alama, mwite tu mwenyewe asimame akueleze aya ya pili alimaanisha nini, mara mbili tatu hivi wataacha. Alafu siku moja lete insha ya hiyo mashine mwenyewe, iandike ubaoni au iprinti nakala kumi, vikundi viwinde makosa: upatanisho wa sarufi ulioharibika, methali iliyotumika pasipo pake, sentensi ambazo hakuna Mswahili anayezisema. Watazipata, na watacheka sana, na kazi ya kuhakiki waliyoikimbia mwaka mzima wataifanya bila kujua.

Na yule aliyeuliza mwezi uliopita kadi za manila zinachakaa na laminesheni ni ghali: zitie kwenye mifuko myepesi ya plastiki inayofungiwa nguo, pitisha pasi ya vuguvugu juu ya gazeti. Zangu za nukta zina mwaka wa saba.